Inchi Nilizokuongezea

11 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Salamu zikukute uko salama, wewe na wifi yangu na nyumba yenu yote. Huku tu wazima, ukiacha mgongo wangu ambao kila ikifika saa nne ya asubuhi unataka tuvunje ndoa, na cherehani kubwa ambayo imeanza kuruka mishono. Nimeitia mafuta, nimeibembeleza, nimeitukana. Inaruka tu. Mpwa wako anakusalimu sana.

Sasa kaa chini nikupe habari. Mpwa wako amepata mchumba. Ni mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, anaongea kidogo na anakula kidogo zaidi, mpaka nikamuuliza kama chakula changu kina kasoro. Harusi ni tarehe kumi na saba Agosti. Baba yake hayupo tena, na mimi sina ndugu mwingine duniani ila wewe, kwa hiyo wewe ndiye utakayemshika mkono na kumwingiza ukumbini. Amesema mwenyewe: "Mama, mjomba asipokuja, mimi sitoki chumbani." Unamjua akishasema kitu.

Suti nakushonea mimi. Kitambaa nimeshanunua, kijivu kilichokolea, kizito, hakikunjikikunjiki. Ninachotaka ni vipimo: kifua, kiuno, nyonga, mabega, mkono, mguu. Pima upya, usininakilie vya mwaka jana. Shati husamehe, suti haisamehe.

Ile suruali uliyonitumia nimeitengeneza. Ilikuwa imeachia mshono wa nyuma, na kwenye mapaja kitambaa kimesuguana hadi kimekuwa wavu. Nimetia kiraka kwa ndani, hakitaonekana. Breki atakuletea akipita na lori lake, barua iko mfukoni kama kawaida. Breki ananiambia siku hizi hushuki kwenye kibanda chako cha mizani kukagua mizigo, madereva ndio wanaokupandishia karatasi. Nikamwambia mdogo wangu amekuwa bosi. Alicheka, lakini hakucheka vizuri.

Niandikie upesi. Usinipigie kwa simu ya ofisini kwenu, ile inasikilizwa na kila mwenye masikio.

Dada yako.

2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata, suruali nimeipata, na nimeivaa siku hiyohiyo. Mikono yako haijazeeka hata kama mgongo umeanza visa. Mke wangu hajambo, anakusalimu, anasema mwalimu wa hesabu ni mume mzuri kwa sababu atajua siku zote amekosea wapi. Mpe mpwa wangu hongera zangu. Mwambie mjomba atakuja, atoke chumbani.

Kazi ni ileile. Lori linapanda kwenye sahani ya chuma, mimi niko juu kwenye kibanda nasoma namba, naandika, nagonga muhuri. Lililozidisha mzigo linarudi likapunguze. Madereva wanajua kwangu bahasha haipokewi, basi wameamua kuniletea chakula, eti hiyo si hongo, ni utu. Huyu analeta chipsi, huyu mayai, yule soda mbili za baridi na mkate uliopakwa siagi pande zote. Nifanyeje? Wewe ndiye uliyenilea kwamba ukikataa chakula cha mtu umemtukana.

Sasa nikuchekeshe. Kampuni imetuletea daktari atupime sote. Kijana mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Akanichoma kidole, akaangalia kimashine chake, akaniambia nina sukari, tena nyingi, na kwamba nimenenepa kiasi cha kuhatarisha maisha. Nikamwambia, "Daktari, hili shati alinishonea dada yangu. Ni arobaini na mbili. Miaka sita ananishonea arobaini na mbili, na angalia, kifungo hakivutiki. Sasa nimenenepa lini, leo asubuhi?" Nilimfunulia kola akaiona ile lebo yako. Alinipa tu karatasi ya vyakula vya kuacha, ndefu kama orodha ya wapiga kura. Nimeiweka kwenye droo.

Vipimo ndivyo vilevile: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane. Vingine unavyo.

Kiatu kipya kimenichubua kidole kidogo cha mguu wa kulia. Si kitu. Nimefunga kitambaa.

Mdogo wako, Kijiti.

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia mko wazima. Mpwa wako aliposoma kwamba utakuja alizunguka chumba kizima na gauni la mteja mkononi, nikamfokea, lile gauni lilikuwa na pini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikucheka. Huyo daktari mdogo unayemcheka amesomea kazi yake kama mimi nilivyosomea yangu. Mtu mwenye sukari hachezi na kidonda cha mguu. Mteja wangu mmoja, mke wa kinyozi, alianza hivyohivyo, akasema si kitu. Sitaki kukuandikia alivyoishia. Siku utakayopokea barua hii nenda zahanati, kioshwe na watu wanaojua. Hicho kitambaa ulichofunga nina hakika ni kile unachofutia meza.

Na hiyo karatasi ya vyakula itoe kwenye droo, mpe mke wako. Usimfiche. Nakujua tangu ulipokuwa unaficha mkate chini ya mto halafu asubuhi unasema ni panya. Ulikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, nikawa nakuachia nusu ya sahani yangu, nakuambia maliza, maliza, mtoto mzuri humaliza. Mama alikuwa ameshaondoka, na sikujua njia nyingine ya kukuonyesha kwamba sitaondoka na mimi.

Kuhusu shati ulilomwonyesha daktari. Kuna jambo nataka tuzungumze, lakini si la kwenye karatasi. Nimefikiri nifunge duka wiki moja nije nikuone. Nitakuja na Breki, nitakaa mbele. Niambie lini.

Kuhusu vipimo, sawa, nimevipata.

Dada yako.

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Ungekuja sasa usingepata pa kulala, tunapaka rangi nyumba nzima. Mwezi ujao pia sioni kama itafaa, nina zamu mbilimbili, mwenzangu yuko likizo. Tutaonana tu kwenye harusi.

Hapana. Ngoja. Hakuna rangi. Nimeandika hivyo, kisha nimeona haya kuifuta.

Nilikwenda zahanati kama ulivyosema. Kabla ya kuangalia mguu wanakupima uzito, wote tuko kwenye foleni, mizani iko mbele ya watu. Mizani yao inaishia mia na ishirini. Nilipanda, mshale ukaenda mpaka mwisho ukagota pale, ukatulia. Nesi akainama akaangalia, akanyanyua kichwa akasema kwa sauti, "Mzee, wewe si unafanya kazi kwenye mizani ya malori? Kapimwe hukohuko, hii utatuvunjia." Foleni nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, Dada. Nilicheka kuliko wote, nikajipigapiga tumbo ili wacheke zaidi. Kisha nikashuka, nikavaa kiatu, nikatoka bila kuoshwa kidonda. Nilipita kwenye duka la kona nikanunua mkate mzima, jemu na soda tatu. Nilikula nimesimama nyuma ya ukuta wa duka. Sikuwa na njaa. Nataka ulijue hilo, sikuwa na njaa hata kidogo.

Mke wangu aliikuta ile karatasi. Ameanza kunipikia majani yasiyo na mafuta, na kabati la chakula ametia kufuli. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nilivumilia. Siku ya tatu alipokwenda sokoni nilichukua bisibisi nikang'oa kufuli. Alirudi akanikuta nimekaa sakafuni na kopo la maziwa ya unga na kijiko. Aliokota skrubu moja baada ya nyingine akaziweka mezani, akaenda kwa dada yake. Ni wiki ya pili sasa.

Huyo daktari na huyo nesi na mke wangu wote wanasema jambo moja. Lakini navaa mashati yako kila siku na yananikaa sawa. Wewe ni fundi, wewe hudanganywi na macho. Ningekuwa nimeharibika kiasi hicho, wewe si ungeshaniambia?

Kidonda kinakauka.

Mdogo wako.

16 Mei

Mdogo wangu Kijiti,

Sitaanza na salamu ndefu, utanisamehe. Tu wazima. Mpwa wako yuko dukani mbele anasema na wateja, mimi nimejifungia huku nyuma. Kitambaa chako cha suti kimetandikwa mezani tangu juzi na sijakigusa.

Umeniuliza kama ningekwambia. Basi nakwambia.

Miaka sita iliyopita ulinitumia shati la bluu lililochanika kwapani. Nililifumua, nikalilaza, nikapima. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimevutika upande wa kifua, na vifungo vilikuwa vimeng'oka vikashonwa tena na uzi wa rangi nyingine. Nikaona wazi kwamba arobaini na mbili haikutoshi tena. Ulipoagiza shati jipya ukaandika arobaini na mbili. Nikasema moyoni, maskini, hajajua, au amejua na anaona haya. Nikakata arobaini na nne. Kwenye kola nikashona lebo ya arobaini na mbili.

Mwaka uliofuata vilevile. Kila nguo kuukuu uliyonitumia kutengeneza niliisoma kama barua. Nilijua umeongezeka mgongo, nilijua umeongezeka shingo, nilijua mapaja yanasuguana. Na kila mara niliongeza inchi, nikashona lebo ileile. Wewe ukaniandikia, "Dada, linanikaa kama nilizaliwa nalo." Nilifurahi! Nilijisifu, nikajiona nakusitiri. Mashati yako ya mwaka jana ni hamsini na nne. Suruali zako zina kiuno cha hamsini na mbili. Hizo ndizo namba, hakuna nyingine.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa hizo nguo ni mimi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tatu. Wateja wangu wote nawaambia ukweli. Nilimwambia mke wa diwani uso kwa uso kwamba gauni la dada yake halitamwingia. Wewe tu ndiye niliyekudanganya, kwa sababu wewe tu ndiye niliyeogopa kukuudhi. Na sasa umemwonyesha daktari lebo yangu.

Nakuomba. Si kwa ajili ya harusi wala suti. Nenda hospitali kubwa, si pale zahanati wanapocheka watu. Vua shati langu ukiingia, waache wakuone ulivyo. Mwite mke wako arudi, mwambie nimesema mimi. Nitukane ukitaka, niandikie matusi kurasa kumi, lakini nenda.

Dada yako.

30 Juni

Mdogo wangu,

Wiki ya sita hii na sijapata neno. Nimempa Breki barua mbili fupi kabla ya hii, anasema zimefika. Nimemuuliza amekuona, anasema kibandani kuna karani mwingine, kijana mwembamba asiyejua utani. Nimemuuliza uko wapi, akasema, "Yupo, Mama, yupo tu nyumbani, anapumzika." Breki ananijua miaka kumi na hajawahi kuangalia viatu vyake akisema na mimi.

Umenikasirikia. Sawa, nastahili. Suti nimeikata kwa namba za kweli. Nimeishona bila lebo.

Nilitaka kuja. Nilifika hadi stendi na mkoba. Kisha nikafikiri, nitafika na atanifungia mlango. Nikarudi. Mpwa wako anauliza kila siku.

Dada yako.

20 Agosti

Wewe,

Harusi imepita. Tulikungoja mlangoni pa ukumbi saa nzima. Watu wameshakaa, mwalimu wa watu anatoka jasho mbele, mpwa wako ananishika mkono ananiambia, "Tungoje kidogo, Mama, huenda gari limeharibika." Mwisho nilimwingiza mimi. Suti yako ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango wa duka na gazeti juu ili isishike vumbi.

Nimekosa, nilikiri. Lakini mtoto amekukosea nini? Ulituma salamu kwa mdomo wa dereva, "kazi zimembana". Kazi gani, na kibandani hupo? Nikwambie nionavyo mimi. Uko ndani, umejifungia na mikate yako, na umeona ni afadhali kukaa nayo kuliko kukaa na sisi. Basi kula. Kula ushibe, kula mpaka ukipate hicho unachokitafuta chini ya sahani. Mimi nimechoka kumlisha mtu mzima.

Dada yako.

14 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti nimesomewa na mke wangu, maana macho yangu siku hizi yanaona ukungu. Alitaka kuruka sehemu. Nikamwambia asome yote. Hii naandika mwenyewe, polepole, yeye hayupo.

Niko hospitali kubwa, wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani. Mguu wa kulia wameukata tarehe kumi na tatu Agosti, chini kidogo ya goti. Kidole kidogo kilikuwa hakijakauka, nilikudanganya. Kilikuwa cheusi. Nilikificha ndani ya soksi mpaka mke wangu aliporudi, Juni, akasikia harufu kabla hajaniona. Siku ya harusi nilikuwa nimelala hapa na homa, nauliza saa kila baada ya dakika tano. Nilimkataza mke wangu asikwambie, na Breki nikamwapisha. Sikutaka mpwa wangu aingie ukumbini huku watu wananong'ona habari za mguu wa mjomba. Usimlaumu Breki. Alilia hapa mbele yangu, mtu mzima yule.

Ile barua usiifikirie. Ulikuwa huna habari, na nusu ya maneno yake ni kweli.

Sasa niandike lililonifanya nikae kimya. Unadhani nilikukasirikia kwa sababu ya inchi. Dada, nilikuwa najua.

Nilijua tangu shati la pili. Nililaza la zamani kitandani, nikaweka jipya juu yake, jipya likazidi huku na huku. Nikaangalia lebo, arobaini na mbili. Nilikaa na yale mashati mawili muda mrefu. Na kama ingekuwa bado nina shaka, miaka miwili iliyopita iliniishia. Ilikuwa Jumapili, barabara haina gari, niko peke yangu zamu. Nilishuka kibandani nikaenda nikasimama katikati ya sahani ya chuma, pale yanaposimama malori. Kwa nje kuna ubao wa namba, wa madereva kuona. Mashine ile haihesabu kilo mojamoja, inaruka ishirini ishirini. Ilisoma mia na sitini. Nilipanda ngazi kurudi nikapumzika mara mbili njiani, nikafungua droo nikala kila kilichokuwemo. Yule nesi aliposema nikapimwe na malori, alikuwa amechelewa.

Kwa hiyo daktari nilipomwonyesha lebo yako nilikuwa najua naonyesha uongo. Na nilipokuuliza "ningekuwa nimeharibika si ungeniambia," nilikuwa najua jibu.

Utauliza, kwa nini basi niliendelea kuandika arobaini na mbili. Nimelala hapa mwezi mzima nikilitafuta hilo. Kila nilipoiandika ile namba nilikuwa naomba uniulize. Nilitaka uandike, "Kijiti, hii namba si ya kweli, una nini?" Mtu mmoja tu duniani angeweza kuniuliza hivyo nisicheke wala nisijipige tumbo. Badala yake lilikuja shati, limepigwa pasi, linanitosha. Nikajua umeona, na nikajua umeamua kunyamaza. Nikasema, ikiwa hata Dada ameona ni afadhali anifunike, basi mimi ni kitu cha kufunikwa.

Sisemi kosa ni lako. Mdomo ni wangu, mkono ni wangu. Nimelisema kwa sababu nikilibakiza litabaki kama kile kidole.

Daktari anasema mguu wa kushoto nao una dalili. Anasema unanitegemea mimi. Aliponiambia hivyo niliogopa kuliko nilivyoogopa msumeno, maana najijua. Mke wangu analala kwenye kiti. Sijamwambia kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani hapendi mkate wa hospitali na ananipa wake. Sijamwambia mtu.

Mdogo wako.

22 Septemba

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimefunga duka saa nne asubuhi, wateja wanagonga, sifungui. Leo sina habari za mgongo, za cherehani wala za mpwa wako. Niko na barua yako tu.

Sitakudanganya tena hata kwa huruma, kwa hiyo pokea hili kama lilivyo. Mwaka ule wa shati la bluu ningeweza kuja. Nauli nilikuwa nayo, nafasi nilikuwa nayo. Sikuja kwa sababu nilijua nikikuona nitalazimika kusema, na ukiumia utaniacha. Kwa hiyo nilishona. Kushona nilikuwa nakuweza. Mtoto niliyemwambia maliza, maliza, ndiye huyo amelala bila mguu, na mimi nilikuwa na mkasi mkononi miaka sita nikijiita mwema.

Breki anaondoka Alhamisi. Nimeshamwambia kiti cha mbele ni changu. Gari lake linapita huku na kule kupakia, nitachukua siku nyingi kufika. Mwenzake anayeendesha moja kwa moja ndiye anayeleta barua hii, itanitangulia. Mwambie wifi yangu ajiandae kulala kitandani, zamu ya kiti ni yangu.

Umesema ulikuwa unasubiri nikuulize. Nimechelewa miaka sita na mguu mmoja, lakini nauliza. Kijiti, una nini? Leo umekula nini? Usinipe namba ya kunifurahisha. Niandikie, hata kama nitaisoma nikiwa nimekaa pembeni yako.

Dada yako.

27 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua imefika kabla yako, kama ulivyosema. Naandika tena mwenyewe, herufi kubwa kubwa ili nizione. Mke wangu ametoka kufua.

Umeuliza, najibu.

Asubuhi, uji wa hospitali usio na sukari. Huo niliunywa mbele ya nesi. Nesi alipoondoka, mkate wa jirani, vipande vinne. Saa nne, biskuti pakiti moja, alizoniletea Breki safari iliyopita, nilimdanganya kwamba daktari ameruhusu. Mchana, wali kidogo na mboga, mke wangu alinilisha, akafurahi kwamba nimeacha nusu. Niliacha nusu kwa sababu nilikuwa nimeshashiba vya wizi. Alipokwenda kuosha sahani, soda, nusu chupa, ya moto, nimejifunika uso kwa shuka. Kisha nililia kidogo. Kisha niliimaliza.

Nina nini, sijui. Nimejaribu kuliandika nimefuta mara nne. Najua tu kwamba nikianza, kuna dakika mbili ambazo hakuna anayenicheka na hakuna aliyeondoka. Zikiisha naanza kutafuta nyingine.

Vipande viwili vya mkate viko chini ya mto sasa hivi. Nimeandika hivyo nikidhani nikishakiri nitaweza kumwita nesi avichukue. Nimengoja. Sijamwita. Mguu wa kushoto unawaka moto tangu jana na hilo pia sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Hapa nimeacha kalamu kidogo. Sasa kimebaki kipande kimoja.

Fanya haraka, Dada.